Alien ya 1979 utaionaje ukiwa Mtwara: maswali ninayoulizwa kila wiki

Niliwahi kuwa na laiburari ya muvi karibu na soko kuu, Mtwara mjini. Deki mbili, kompyuta ya mezani moja, ubao wa bei wa chaki. Duka nililifunga zamani ila namba ya simu sikubadilisha, na tangu ule mfululizo wa Alien: Earth utoke 2025 simu hainipi nafasi. Kila mtu anaitaka "ile ya kwanza". Nimechoka kurekodi sauti ileile kwenye WhatsApp, kwa hiyo majibu nayaweka hapa yote.

Ile ya kwanza ni ipi hasa?

Inaitwa Alien tu, haina namba wala neno la ziada. Ilitoka Mei 1979, mwongozaji ni Ridley Scott, na kinara ni Sigourney Weaver kwa jina la Ripley. Watu saba na paka mmoja wako ndani ya meli ya mizigo inayokata anga kurudi duniani, wakivuta kiwanda kilichobeba tani milioni 20 za madini. Kompyuta ya meli inawaamsha kabla ya safari kwisha kwa sababu imenasa ishara kutoka sayari isiyojulikana. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa nimekuharibia.

Zilizofuata: Aliens ya 1986 (hiyo herufi s mwishoni ndiyo inayowachanganya watu), Alien 3 ya 1992, Alien Resurrection ya 1997, kisha Prometheus ya 2012, Covenant ya 2017 na Romulus ya 2024. Anza na ya 1979. Ukianza na nyingine utakuwa umekula ukoko kabla ya wali.

Kaka, Netflix nimelipia mwezi mzima, mbona siioni?

Kwa sababu filamu ina mwenyewe. Alien ilitengenezwa na 20th Century Fox, na Fox ilinunuliwa na Disney mwaka 2019. Disney wana huduma yao ya kuangalia mtandaoni, Disney+, na filamu zao kubwa wanapenda zikae huko. Sasa mzigo unakuja hapa: Disney+ Afrika Kusini ilifunguliwa 2022, lakini Tanzania, mpaka naandika haya, haijafika. Ndiyo maana mtu wa Johannesburg anabonyeza mara moja na wewe wa Chikongola unazunguka usiku kucha.

Netflix nao hununua haki za kuonyesha kwa muda, tena nchi kwa nchi. Filamu inaweza kuwepo kwa binamu yako aliyeko Ulaya na kwako isiwepo, au ikawepo mwezi huu na mwezi ujao ikaondoka. Akaunti yako haina ubovu wowote.

Nitajuaje iko wapi leo, kabla sijatoa hela?

Hili ndilo swali ambalo natamani watu wangeliuliza mwanzo. Wengi hulipa kwanza, kisha hutafuta.

Fungua JustWatch kwenye simu. Ni tovuti na pia ni programu, haionyeshi filamu, kazi yake ni kukuambia filamu iko wapi. Kitu cha kwanza angalia nchi iliyochaguliwa. Ikiwa imeandikwa Marekani, majibu yote utakayopata ni ya Marekani na hayatakusaidia. Weka Tanzania. Andika "Alien 1979", na huo mwaka usiuache, maana kuna utitiri wa filamu zenye neno hilo. Utaona kama iko ndani ya huduma ya kulipia kwa mwezi, kama inakodishwa yenyewe peke yake, au inauzwa. Bonyeza mpaka ufike kwenye huduma yenyewe na uone kwa macho yako kabla ya kutoa namba ya kadi, kwa sababu orodha za namna hii huchelewa kusasishwa.

Kama ni huduma ya mwezi, lipa mwezi mmoja, angalia, kisha sitisha siku hiyohiyo. Ukisitisha mapema, kwa huduma nyingi muda uliolipia unaendelea kukuhudumia mpaka uishe. Tatizo ni kusahau, halafu kadi inakatwa tena.

Si nitumie VPN tu nijifanye niko Marekani?

VPN ni programu ya kuficha uko nchi gani unapoingia mtandaoni, na vijana wa chuo wananiuliza hili kana kwamba wamegundua gesi Msimbati. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitoa tangazo wakitaka wanaotumia VPN, watu binafsi na kampuni, watoe taarifa kwao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Hilo lijue kabla hujaanza. Halafu hata ukipita, huduma za nje mara nyingi zinataka kadi iliyotolewa kwenye nchi unayojifanya uko, na zenyewe zinatambua VPN nyingi na kukufungia nje. Umelipia VPN, umelipia huduma, unatazama ukurasa mweusi.

Sina kadi ya benki. Ndiyo basi?

Hapana. Huduma za pesa za simu zinakuwezesha kutengeneza kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard, bila kwenda benki. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako utafute sehemu ya kadi. Weka kiasi kinachotosha malipo ya mara moja pamoja na makato, basi. Kadi ikiwa tupu, hata ukisahau kusitisha hawatakukuta na kitu.

Itakula bando kiasi gani?

Filamu ina dakika 117, tuseme saa mbili. Netflix wanatoa makadirio yao, na huduma nyingine haziko mbali sana: ubora wa chini kama GB 0.3 kwa saa, wa kati GB 0.7, wa kawaida GB 1, HD mpaka GB 3, na ule wa juu kabisa wa 4K mpaka GB 7. Kwa hiyo kwa HD andaa GB 6 kwa filamu hii moja. Kwa ubora wa kati ni kama GB 1.4, na kwenye simu hutaona tofauti ya kukuuma roho.

Ila Alien ni filamu ya giza. Ubora ukiwa wa chini sana, giza linageuka vibox vyeusi na vya kijivu vinavyochezacheza, na kile unachotakiwa kukiogopa hukioni. Kama unaangalia kwenye TV, usishuke chini ya GB 1 kwa saa.

Ushauri wangu: pakua, usiangalie moja kwa moja. Programu nyingi zina alama ya kupakua pembeni ya jina la filamu. Pakua usiku wa manane mtandao ukiwa mwepesi, kwa bando la usiku kama mtandao wako unalo, kisha angalia kesho yake. Umeme ukikatika, simu au laptopu iliyochajiwa inaendelea. Na hapa kwetu umeme kukatika katikati ya muvi ni jambo la kupanga nalo, si la kushangaa nalo.

Kwenye king'amuzi haipiti?

Chaneli za filamu hurusha za zamani mara mojamoja. Bonyeza mwongozo wa vipindi, soma mwaka na jina la mwongozaji, na weka kikumbusho. Usinunue kifurushi kikubwa kwa ajili ya filamu moja ambayo hujaiona kwenye ratiba.

DVD je? Bado zipo?

Zipo, na mimi bado naamini ndiyo njia isiyokuumiza kichwa. Disiki haiishiwi haki mwisho wa mwezi, haili bando, na unaweza kumwazima shemeji. Ukiwa na mtu anayetoka Dar, Afrika Kusini au Ulaya, mwagize.

Lakini mwagize kwa akili. DVD zimegawanywa kanda. Tanzania, kama sehemu kubwa ya Afrika, iko kanda ya 5. Disiki ya Marekani ni kanda ya 1, ya Ulaya ni kanda ya 2, na Afrika Kusini nayo wamewekwa kanda ya 2 pamoja na Ulaya. Deki iliyofungwa kanda moja itaikataa disiki ya kanda nyingine hata iwe mpya kwenye nailoni. Habari njema ni kwamba deki nyingi za Kichina zilizojaa mjini hazijali kanda, zinakula chochote. Kabla hujaagiza, azima disiki yoyote ya kanda ya 1 uijaribu nyumbani. Namba utaiona nyuma ya kava, kwenye kialama kidogo cha dunia.

Blu-ray ina kanda zake za herufi, A, B na C, na Afrika tuko B pamoja na Ulaya. Za 4K hazina kanda kabisa, na Alien ya 4K ilitoka 2019 filamu ilipotimiza miaka 40. Lakini deki ya kawaida ya DVD haichezi Blu-ray, na ya Blu-ray haichezi 4K. Kuna mzee mmoja wa Shangani mwanawe alimletea ile ya 4K, kava zuri kweli, akaihifadhi kabatini kama picha ya harusi. Hana cha kuichezea.

Nimewekewa kwenye flashi, lakini nikifungua naona wanajeshi.

Umepewa ya 1986. Ukiona barafu na piramidi, na yule mwindaji mwenye rasta, hiyo ni Alien vs. Predator ya 2004, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye kompyuta za mjini. Ya kwanza utaitambua mara tu inapoanza: kimya, anga nyeusi, na jina linaandikwa taratibu, kijistari kimoja kimoja, mpaka herufi tano zinatimia.

Na tuambiane ukweli. Kurushiana muvi kwenye flashi kwa hela si halali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iko wazi, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Mimi mwenyewe niliishi kwa kazi hiyo miaka kadhaa, sijivunii. Sasa ukinipigia kuomba nikutumie faili, jibu unalijua.

Na zile tovuti za bure?

Kompyuta yangu ya duka ilikufa kwa ajili ya hizo. Nilibonyeza kitufe kikubwa cha kijani, kikashuka kitu chenye jina la filamu na uzito wa MB 4, nikakifungua. Kesho yake kila flashi ya mteja iliyoingia ilitoka na mafaili yamegeuka njia za mkato. Niliomba radhi nyumba kwa nyumba.

Filamu ya dakika 117 haiwezi kuwa MB 4. Na jina likiishia na .exe au .apk, hiyo siyo filamu.

Kuna matoleo mawili, niangalie lipi?

Lipo la sinema la 1979, dakika 117, na lipo alilolipitia tena Ridley Scott mwaka 2003, dakika 116. Watu wanadhani toleo jipya ni refu zaidi, kumbe limepungua: aliongeza vipande vilivyokuwa vimeachwa, akapunguza sekunde hapa na pale. Kwa mara ya kwanza chukua la 1979. Kipande maarufu kilichoongezwa 2003 kinakuja karibu na mwisho, wakati moyo wako unakwenda mbio, na kwangu mimi kinausimamisha bure. Wengine tunabishana nao mpaka leo.

Ipo iliyotafsiriwa na DJ?

Najua tulivyokua. Kibanda umiza, benchi la mbao, na sauti ya mtafsiri Lufufu ikikwambia kila kitu kabla hakijatokea. Kwa filamu za ngumi hakuna raha kama hiyo.

Kwa hii, hapana. Nguvu yake ni kimya. Maji yanadondoka, minyororo inagongana, mtu anamwita paka, na dakika nzima haitamkwi hata silabi. Mtafsiri hawezi kukaa kimya dakika nzima, hapo kazi yake inakuwa imekwisha, kwa hiyo atajaza, na akijaza ameiua filamu. Washa maandishi ya chini. Maongezi si mengi, na Kiingereza chenyewe ni cha watu wa kazi: sehemu kubwa ya mwanzo mafundi wawili, Parker na Brett, wanalalamika kwamba mgawo wao wa bonasi ni mdogo kuliko wa wenzao. Mtu yeyote aliyewahi kusimama ghalani akisubiri malipo ya korosho anawaelewa bila tafsiri.

Inatisha kweli, au ni ya kizamani?

Karibu nusu saa ya kwanza hutaogopa kitu, utaona watu wanaamka, wanakula, wanabishana. Vumilia. Baadaye kuna chakula cha pamoja mezani, na hicho sikisemi. Ninachoweza kusema ni kwamba waigizaji walijua kwa ujumla kitakachotokea ila hawakuambiwa damu itaruka kiasi gani, na ule mshtuko wa Veronica Cartwright anaporushiwa usoni ni wake mwenyewe.

Watoto wasiiangalie. Marekani ilipewa daraja la R, Uingereza ikapewa X, la watu wazima. "Lakini ni katuni ya anga za juu," aliniambia baba mmoja. Si katuni, mzee wangu. Wanao watalala chumbani kwako wiki nzima.

Yule mdudu ni kompyuta?

Hapana, ni mtu! Na hapa naomba mnivumilie, maana hiki ndicho kipande ninachokipenda.

Umbo lilibuniwa na mchoraji wa Uswisi, H. R. Giger. Lakini wa kulivaa walihitaji mtu mrefu sana, mwembamba, mwenye mikono na miguu isiyoisha. Wakampata kwenye baa moja London: Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria, mzaliwa wa Lagos, mwanafunzi wa sanaa, urefu wake zaidi ya mita 2. Hakuwahi kuigiza. Wakampeleka akajifunze tai chi na uigizaji wa bila maneno ili atembee polepole kama kitu kisicho binadamu. Lile vazi lilikuwa na mkia, kwa hiyo hakuweza kukaa kwenye kiti, wakamtengenezea bembea maalumu ya kupumzikia. Baada ya hapo hakuigiza filamu nyingine. Alifariki 1992, na filamu ilikuwa imepata Oscar ya mbinu za picha tangu 1980.

Watu wa kusini hatuhitaji kuelezwa sana. Tumekua na mapiko. Mchezaji amefunikwa mwili wote, kinyago kichwani, na mtoto haruhusiwi kuuliza ni nani yumo ndani, kwa sababu jibu ni kwamba hayumo mtu. Badejo alicheza lipiko lake studio za Shepperton, Uingereza, na watazamaji wa sinema wakakaa miaka bila kumjua jina. Wateja wangu wengine wakiliona lile umbo husema linafanana na vinyago vya shetani vya Kimakonde, vile virefu vya mpingo vyenye viungo vilivyopinda. Giger ana michoro yake na sisi tuna yetu, lakini sikuwahi kubishana nao.

Nikiipata, naweza kuionyesha kwa majirani kwa kiingilio?

Sebuleni na wageni wako, hakuna atakayekuuliza. Ukianza kutoza, umeingia kwenye biashara: kuna Bodi ya Filamu na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, unahitaji kibali, na mwenye haki za filamu naye anataka chake. Kununua DVD siyo kununua ruhusa ya kutoza watu.

Sina hela kabisa. Nipe kitu cha bure kisicho cha wizi.

Night of the Living Dead, 1968, ya George Romero. Nyeusi na nyeupe, dakika 96. Maiti wanaamka, na taarifa ya habari ndani ya filamu inahusisha jambo hilo na mionzi ya chombo kilichotoka sayari ya Zuhura, kwa hiyo sayansi imo na hofu imo. Kinara ni Duane Jones, mtu mweusi, jambo adimu Marekani ya miaka ile.

Ni ya bure kwa sababu ya uzembe. Wasambazaji walibadilisha jina la filamu na walipobadilisha wakasahau kuweka tena tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo kosa hilo liliifanya filamu iwe mali ya wote. Iko Internet Archive, unapakua bila kujisajili. Chagua faili la MP4. Kama unahamishia kwenye flashi ya kawaida, lisizidi GB 4, flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo usiopokea faili kubwa zaidi ya hapo.

Mbona kwenye TV yangu naona giza tupu?

Zima taa, funga pazia, subiri saa mbili usiku. Kisha ingia kwenye mipangilio ya picha, ondoa ile hali ya rangi kali ya dukani, chagua ya sinema. Usiongeze mwanga mpaka kila kitu kionekane, kuna vitu havitakiwi kuonekana. Sabufa ipunguze besi kidogo, la sivyo mlio wa injini utafunika minong'ono.

Samahani kaka, kabla sijaanza: paka anakufa?

Mama mmoja wa Magomeni alikataa kuangalia mpaka nimjibu hili tu, habari za watu saba hazikumhusu. Paka anaitwa Jones, na hafi.